Jikoni Peupe: Rangi, Mlo na Msamiati wa Nyumba Mjini Oyugis

Utangulizi

Mijadala ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki aghalabu huhusu ushairi, riwaya, isimu na sera ya lugha. Ni nadra mno mjadala huo kuingia jikoni. Hata hivyo, jikoni ndiko mtoto anakosikia mengi ya maneno yake ya awali, ndiko ukarimu wa mwenyeji unakopikwa, na ndiko mjenzi wa nyumba anakomaliza sehemu kubwa ya akiba yake. Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa juujuu laweza kuonekana dogo, nalo ni matumizi ya rangi katika kupamba jiko na mahali pa kulia chakula palipounganishwa pasipo ukuta wa kati. Mfano unaotumiwa ni mji wa Oyugis, katika Kaunti ya Homa Bay, ulioko kwenye barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Kisumu.

Hoja zinazotetewa ni mbili. Kwanza, pale ukuta unapoondolewa, rangi ndiyo inayorithi kazi ya ukuta huo, kwa hiyo uteuzi wake si suala la urembo mtupu bali ni suala la heshima, afya na mahusiano ya watu wa nyumba moja. Pili, Kiswahili kina msamiati wa rangi ambao sehemu yake kubwa ilizaliwa jikoni kwenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba wasomi wa lugha hii wameuacha msamiati huo ulale katika kamusi, ilhali fundi na mwenye nyumba wanababaika dukani mbele ya majina wasiyoyaelewa.

Ukuta Ulioondolewa

Ili kuielewa nyumba mpya ya Oyugis, ni sharti kwanza kuikumbuka ile ya zamani. Katika boma la Kiluo, kila mke alikuwa na nyumba yake na meko yake. Wanaume na wavulana wakubwa walikula pamoja katika duol, kibanda cha mwenye boma, na chakula kikawafuata huko. Aliyepika na aliyelishwa hawakutazamana. Katika pwani ya Waswahili nako hali haikutofautiana sana, kwani jiko lilikuwa uani au, katika nyumba za mawe za Lamu, juu kabisa ya nyumba, mbali na macho ya mgeni aliyekaribishwa barazani. Kwa ufupi, desturi nyingi za eneo hili zilimtenga mpishi na mlaji, na ukuta ulikuwa ishara ya mtengano huo.

Ughaibuni pia ukuta huu ulikuwa na historia yake. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa chumba cha peke yake kilichopimwa hatua kwa hatua ili kumpunguzia mpishi safari zisizo na faida, na makabati yake yalipakwa rangi ya buluu iliyoelekea kijani kwa kuwa iliaminika kwamba nzi hawapendi kutua juu ya rangi hiyo. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1937, Frank Lloyd Wright wa Marekani alikamilisha nyumba ya familia ya Jacobs huko Madison, Wisconsin, ambamo jiko lilifunguliwa kuelekea mahali pa kulia. Mtindo huu wa pili ndio uliosambaa ulimwenguni, na hatimaye ukafika katika ramani za nyumba zinazojengwa Oyugis, Kosele na Kabondo na walimu, wafanyabiashara na wenyeji wanaofanya kazi Nairobi au ng'ambo.

Je, mabadiliko haya yana maana gani? Yana maana kwamba mpishi sasa yuko mbele ya mgeni. Jasho lake, moshi wake, sufuria yake na ustadi wake vyote vimetolewa hadharani. Kwa mara ya kwanza baba wa nyumba anaketi mezani akitazama kazi ambayo babu yake hakuiona ikifanywa. Kiswahili kina neno linaloieleza hali hii kwa ukamilifu. Mahali palipo wazi, pasipo kichaka wala kizuizi, huitwa mahali peupe. Jiko la aina hii, basi, laweza kuitwa jikoni peupe pasipo kuazima neno lolote.

Hapa ndipo rangi inapoingia kama hakimu. Katika nyumba nyingi za mtindo huu, upande wa meza ya chakula hupakwa rangi iliyochaguliwa kwa makini, ukawekewa mapazia yanayolingana na vitambaa vya kufuma, huku upande wa jiko ukimaliziwa kwa masalio ya ndoo. Jicho la mgeni husoma ujumbe huo mara moja: huku ni kwa waheshimiwa, kule ni kwa watumishi. Ukuta wa matofali umebomolewa, ila ukuta wa rangi umejengwa mahali pake. Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyumba inayojipamba pale tu inapotazamwa na mgeni, huku ikimsahau anayeipikia, ni mkakasi wa aina hiyo.

Suluhisho si kupaka ukumbi wote rangi moja. Jiko na meza ni sehemu mbili zenye kazi mbili, na zinahitaji kutofautishwa. Kinachotakikana ni tofauti isiyo na dharau. Wapambaji wengi hupendekeza rangi tatu: moja itawale sehemu 60 kwa 100 ya eneo lote, ya pili ichukue 30, na ya tatu 10 tu. Ikiwa rangi ya kwanza itapita pande zote mbili, na ile ya tatu, yenye kuvutia macho zaidi, ikawekwa nyuma ya meko badala ya nyuma ya meza pekee, basi jicho litavutwa kwa mpishi kwa heshima. Ukumbi utabaki mmoja, nazo kazi mbili zitatambulika.

Jua, Moshi na Udongo wa Rachuonyo

Tatizo jingine ni chanzo cha ushauri. Vitabu na majarida mengi ya mapambo yanayopatikana nchini Kenya yameandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia. Humo msomaji hufundishwa kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni baridi na kina giza, hivyo kipakwe rangi za joto kama manjano na nyekundu, na kinachotazama kusini kina jua tele, hivyo kipozwe kwa buluu. Ushauri huo ni sahihi London. Oyugis iko takriban nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Hapo jua la adhuhuri hukaribia utosi mwaka mzima, likielekea kaskazini kidogo mwezi wa Juni na kusini kidogo mwezi wa Desemba. Dirisha linalopasa kuogopwa ni lile la magharibi, ambalo jioni, wakati hasa wa kupika chakula cha usiku, humwaga mwanga mkali wa rangi ya chungwa juu ya ukuta ulio mkabala nalo. Ukuta huo ukiwa umepakwa nyekundu, jiko huonekana kama tanuri. Ukiwa na kijani kilichopauka au kijivu cha majivu, mwanga uleule hutulia.

Ikumbukwe pia kuwa rangi haijulikani ikiwa peke yake. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja hubadilisha jinsi nyenzake inavyoonekana. Katika jikoni peupe rangi hazina mlango wa kuzitenga: kabati, sakafu, kitambaa cha meza na sahani ya mnavu vyote huonekana kwa mtazamo mmoja. Sakafu ya saruji iliyotiwa nyekundu, ambayo ni ya kawaida katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, huufanya ukuta wa kijani uonekane wa kijani zaidi. Kwa sababu hiyo, kadi ndogo ya dukani haitoshi kuamua. Ni busara kupaka ubao mmoja, kuuegemeza pale ukuta ulipo, na kuutazama asubuhi, adhuhuri, magharibi, na usiku chini ya taa itakayotumika.

Aidha, kuna suala la moshi na udongo. Kaya nyingi hutumia gesi pamoja na makaa, na baadhi bado hutumia kuni. Masizi hayachagui nyumba ya tajiri wala ya maskini. Mvua zinyeshapo, udongo mwekundu wa Kasipul na Kabondo huingia ndani kwa miguu ya watoto. Mafundi wa Kenya walilipatia tatizo hili jibu zamani: sehemu ya chini ya ukuta hupakwa rangi ya mafuta iliyokolea, na sehemu ya juu hupakwa rangi ya maji iliyo nyepesi. Mtindo huu huonekana katika shule, zahanati na hoteli za mitaani, na kwa sababu hiyo wenye nyumba wapya huudharau kama alama ya umaskini. Dharau hiyo haina msingi. Ukuta wa chini wenye rangi ya damu ya mzee au kahawia huoshwa kwa kitambaa na sabuni. Ukuta mweupe wa rangi ya maji ulio karibu na jiko la makaa huchafuka upesi, na kuusugua huuchakaza. Urembo usioweza kuoshwa jikoni si urembo bali ni mzigo, na mara nyingi mzigo huo humwangukia mwanamke au msichana wa kazi.

Wala si lazima rangi zote zitoke katika ndoo. Mawe laini ya Tabaka, yanayochongwa katika Kaunti jirani ya Kisii, huwa meupe, ya kijivu au yenye waridi hafifu, na bakuli moja la jiwe hilo mezani hutosha kuitaja asili ya mahali. Vyungu vya udongo uliochomwa, vibuyu na mikeka vina rangi ambazo hazigombani na ukuta. Viazi vitamu vya Kabondo, samaki wa ziwani na mboga za kienyeji navyo ni rangi, na mezani ndivyo vinavyopaswa kuonekana kwanza. Ukuta uliotulia huwaachia nafasi hiyo.

Jiko Kama Chimbuko la Majina ya Rangi

Hoja ya pili ni ya kiisimu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti uliohusu lugha 98, wakadai kwamba majina ya msingi ya rangi huibuka katika lugha kwa utaratibu maalumu: kwanza nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, halafu nyinginezo. Nadharia yao imekosolewa na kurekebishwa mara nyingi, lakini mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuipuuza. Vivumishi vya rangi vyenye mizizi inayopokea viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni vitatu tu, navyo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kiti cheupe, viti vyeusi, meza nyekundu. Rangi nyingine zote huhitaji kiunganifu: kiti cha kijani, ukuta wa manjano. Dholuo, lugha ya wenyeji wa Oyugis, nayo ina rachar, rateng' na rakwar kwa rangi hizohizo tatu. Lugha mbili za familia tofauti kabisa, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiniloti, zinapeana mkono katika utatu huu.

Swali ni hili: Kiswahili kilipata wapi majina ya rangi zilizosalia? Jibu linashangaza kwa urahisi wake. Kwa kiasi kikubwa kiliyapata jikoni na katika mazingira yake. Manjano ni kiungo cha mchuzi kabla ya kuwa rangi. Kahawia imetokana na kahawa. Kijivu kimetoka katika jivu la meko. Rangi ya chungwa na zambarau ni matunda. Kijani ni jani. Maji ya kunde, jina linalotumiwa kuelezea ngozi ya mtu, ni maji yaliyochemshiwa kunde, na hakuna awezaye kulielewa asiyewahi kuinamia sufuria hiyo. Ni kweli kwamba samawati imetoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu na waridi limetoka bustanini, lakini orodha ya jikoni ndiyo ndefu zaidi. Mwanamke na mwanamume wa kale waliotaka kuitaja rangi waliangalia kile walichokuwa wakikipika.

Sasa itazamwe hali ilivyo leo. Mwenye nyumba akiingia katika duka la rangi hukabidhiwa kadi zenye majina ya Kiingereza ya maua, miji na nyakati za mwaka ambazo hazijui. Fundi naye hulitafsiri jina hilo kwa kukisia. Mmoja hufikiria maziwa, mwingine hufikiria siagi, na tofauti hiyo hugunduliwa ukuta ukiwa tayari umekauka na fedha zimekwisha. Katika mji ambako Mluo, Mkisii na mfanyabiashara kutoka mbali hukutana, Kiswahili ndicho hutumiwa kupatana bei. Inakuwaje basi lugha inayoweza kupatana bei ya rangi ishindwe kuitaja rangi yenyewe?

Pingamizi na Majibu Yake

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni ya anasa. Watauliza, katika eneo ambako watu wanahangaikia karo na maji safi, rangi ya jiko ina uzito gani? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, ila linasahau kwamba kupamba si desturi ya matajiri pekee. Wanawake wa nchi hii walikandika kuta kwa udongo na samadi ya ng'ombe, wakazilainisha kwa viganja vyao, muda mrefu kabla ya ndoo ya kwanza ya rangi kufika sokoni. Anayejenga chumba kimoja cha mabati ana haki ya kuchagua rangi ya ukuta wake sawa na mwenye jumba. Isitoshe, uchaguzi mbaya humgharimu maskini zaidi, kwa kuwa hana fedha za kupaka mara ya pili.

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina usahihi unaotakiwa, kwani rangi za kisasa ni maelfu na majina ni machache. Dai hili halisimami. Maduka yanayochanganya rangi kwa mashine hutegemea namba ya msimbo, si jina. Namba ndiyo inayobeba usahihi, na jina hubeba maelewano kati ya watu. Hakuna lugha yoyote duniani yenye maelfu ya majina ya rangi yanayojulikana na wasemaji wake wote. Rangi ya mtindi, rangi ya kiini cha yai, rangi ya ganda la ndizi, rangi ya uji wa wimbi, rangi ya kiazi cha Kabondo: majina kama haya yanaeleweka papo hapo na mkazi wa Oyugis, na hayakiuki kanuni yoyote ya sarufi. Yanafuata njia ileile iliyopitiwa na manjano na kahawia.

Kundi la tatu ni la wale wanaopendekeza kupaka kila kitu nyeupe ili kuepuka makosa. Weupe una faida zake. Huongeza mwanga na kukifanya chumba kidogo kionekane kikubwa, na dari nyeupe ni chaguo jema karibu popote. Hata hivyo, kuikimbilia nyeupe kwa hofu si kuchagua. Ukumbi mweupe mtupu chini ya jua la ikweta huumiza macho, nao hauwezi kumwonyesha mgeni mahali pa kupikia panapoishia na mahali pa kulia panapoanzia.

Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hadhi hiyo ya kisheria ni kubwa, lakini lugha haiishi katika kifungu cha sheria. Huishi pale inapohitajika ili kazi ifanyike. Tajriba ya uundaji wa istilahi imeonyesha kwamba maneno yaliyobuniwa mezani na kupelekwa kwa umma, kama vile tarakilishi, hukabiliwa na upinzani mkali wa maneno ya mitaani, na mengine hubaki kuwa maneno ya mtihani. Yaliyozaliwa kazini hayahitaji kampeni.

Kwa mintarafu hiyo, lipo jukumu linaloweza kutekelezwa na chama chochote cha wanafunzi wa Kiswahili pasipo kungojea bajeti ya serikali. Wanafunzi wanaorudi makwao wakati wa likizo, iwe Oyugis, Rongo au Mbita, wanaweza kuzungumza na mafundi wa rangi, wauza maduka na wapishi, na kuyakusanya majina ya rangi yanayotumiwa kwa kweli. Wahadhiri wa leksikografia wanaweza kuyachambua na kuyalinganisha na yaliyomo kamusini. Kisha orodha hiyo ichapishwe kama kadi ya kawaida: kipande cha rangi, jina la Kiswahili, na namba ya msimbo. Kadi hiyo ikiwekwa katika maduka machache tu, itakuwa imewafikia watu wasiowahi kuifungua kamusi tangu watoke shuleni. Mwanaisimu atapata data, fundi atapata lugha ya kuelewana na mteja wake, na mwenye nyumba ataondokewa na hasara.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuunganisha jiko na mahali pa kulia ni mabadiliko ya kijamii kabla ya kuwa mabadiliko ya usanifu. Yamebainisha kwamba rangi yaweza kumheshimu mpishi aliyetolewa hadharani au kumtenga upya, na kwamba ushauri wa kuchagua rangi hauna budi kulizingatia jua, moshi na udongo wa Rachuonyo badala ya kunakiliwa kutoka nchi za baridi. Yamedai vilevile kwamba Kiswahili hakijapungukiwa na majina ya rangi, bali kimepungukiwa na wasomi wa kuyafikisha dukani.

Inapendekezwa kwamba mwenye nyumba, kabla ya kununua ndoo ya kwanza, amuulize anayepika. Yeye ndiye atakayeutazama ukuta ule asubuhi na jioni, ndiye atakayeuosha, na huenda ndiye ajuaye zaidi tofauti kati ya manjano ya mchuzi mbichi na manjano ya mchuzi ulioiva. Mwanafunzi wa Kiswahili naye akae karibu na kalamu yake, asikilize jina litakalotajwa. Haba na haba hujaza kibaba.